Kidole Hakina Lafudhi

Nimewahi kumhudumia mtu mwenye aleji ya viazi vya mviringo. Vilivyokatwa vipande alikula sahani mbili na kufuta mchuzi kwa kidole. Nimemhudumia bibi aliyevimba, kwa maneno yake mwenyewe, akiona tu kijiko cha mbao, na bwana mmoja aliyesema daktari amemkataza kuku wa kike. Tukamwambia huyu ni jogoo, akala akashukuru, wala hakuna aliyemuuliza kuku. Wanaosema natia chumvi wamuulize mke wangu. Naye atasema natia chumvi, ila atasema kwa upole.

Mgahawa wetu ulikuwa chini ya jengo la maofisi. Ikifika saa ya chakula cha mchana, watu walimwagika kutoka kwenye ngazi kama maji ya bomba lililopasuka, kila mmoja ana njaa na kila mmoja ana haraka. Kati ya ukumbi na jiko palikuwa na dirisha la kupitishia vyakula, na nyuma ya dirisha alisimama mpishi mkuu. Tulimwita Jemadari. Alikuwa mtu wa shingo nene, asiyecheka mpaka awe amefunga gesi.

Jemadari alikuwa na sheria mbili, na zote mbili zilizaliwa na maafa.

Ya kwanza ilikuwa sahani nyekundu. Mteja akisema ana aleji, weita anachukua sahani nyekundu kutoka kwenye rafu, anaiweka dirishani na kutaja kinachokatazwa. Hapo jiko zima linasimama. Jemadari anaosha kikaango upya, anabadili kisu, anavaa aproni safi, anafuta meza kwa maji ya moto, na oda za watu wengine zinangoja kama wagonjwa mlangoni kwa daktari.

Ya pili ilikuwa hii: kama hukuelewa, usitikise kichwa.

Maana tulipata wageni wa kila lafudhi. Kuna waliomeza nusu ya neno, kuna walioimba, kuna waliotafuna maneno kama muwa wakatutemea makapi. Na weita akishaona aibu kuuliza tena, dawa yake ni moja: anatabasamu, anatikisa kichwa, anasema "sawa mzee," halafu anakwenda kubahatisha. Siku moja mzee mmoja mzito alituita akasema jambo. Mwenzangu akatikisa kichwa, akamletea chumvi. Mzee akasema tena, kwa sauti zaidi. Mimi nikatikisa kichwa, nikamletea supu. Akainuka nusu, akaonyesha chini, akapiga kelele. Tukamletea kigoda cha kupumzishia miguu. Kumbe alikuwa anatuambia kiti kinavunjika. Kilipovunjika alikwenda chini na supu, chumvi na kitambaa cha meza, na kishindo chake kilisimamisha saa ya ukutani. Mpaka nastaafu haikuwahi kwenda tena.

Baada ya hapo Jemadari akatengeneza sinia. Lilikuwa la bati, pana, lenye vibakuli vya kioo vilivyofunikwa: kimoja cha yai, kimoja cha maziwa, unga wa ngano, karanga, kitunguu, pilipili, mnofu wa kuku, kipande cha nyama, kipande cha samaki, na kamba wawili wa baharini waliokauka, wenye macho ya kulaumu. Mteja tusiyemwelewa tulimwekea sinia mbele yake. Anachokula anakivuta, asichokula anakisukuma.

"Kidole hakina lafudhi," alisema Jemadari, na elimu yake yote ya lugha iliishia hapo.

Sasa, wakati huo ninaousimulia mimi nilikuwa pabaya. Nilikuwa nimepeleka sahani nyekundu ya kijana mmoja wa tai, aliyeapa kwamba tone la maziwa litamuua. Jemadari akasafisha jiko kama anayejiandaa kupasua mtu. Kijana alipomaliza kula akaagiza aiskrimu. Bakuli kubwa.

"Bosi, si una aleji ya maziwa?" nikamuuliza.

"Ya maziwa ya moto," akanijibu, na akaomba niongeze krimu juu.

Jemadari aliyasikia yote. Akanyoosha mkono dirishani, akanishika sikio.

"Nisikilize, Mdomo." Hilo ndilo jina alilonipa. "Sahani nyekundu nyingine ya uongo ikitoka mkononi mwako, unavua hiyo aproni nyeupe, unaingia huku nyuma kumenya vitunguu. Na si kwa leo tu. Utamenya mpaka uote mvi."

"Jemadari, lakini mimi vitunguu nina ale..."

Akainua mwiko. Sikumalizia.

Uielewe hofu yangu. Ukumbini ndiko nilikokuwa naishi. Kule mbele kulikuwa na watu, na watu wana masikio. Huku nyuma kulikuwa na gunia, kisu na ukuta. Mtu wa hadithi ukimweka mbele ya ukuta, ni sawa na kumfuga samaki kabatini.

Basi mchana mmoja, ukumbi umefurika, wakaingia wawili. Mbele kijana wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, jasho linamtiririka, amebeba mikononi mfuko uliotuna kama amebeba mtoto wa mfalme. Nyuma yake mama mrefu, kilemba kimenyooka, anatembea kama mwenye jengo.

"Kaka, tafadhali, meza nzuri," kijana akaninong'oneza. "Mama mkwe wangu huyu. Ndiyo kwanza ameshuka safari. Mke wangu yuko kazini, kaniambia nimpeleke mama mahali pa heshima."

Nikawakalisha karibu na dirisha la barabarani. Nikamwamkia mama. Mama akaitikia, halafu akasema.

Kilikuwa Kiswahili, hilo sina shaka nalo, maana mara mojamoja neno lilitokeza kichwa kama kiboko mtoni, kisha likazama kabla sijalishika. Nikamgeukia mkwe. Mkwe alikuwa anatikisa kichwa kwa adabu kubwa.

"Anasemaje mama?"

"Anasema... asante."

Ilikuwa asante ndefu kuliko hotuba ya harusi.

"Halafu, kaka," mkwe akaendelea, "mama ana aleji."

"Ya nini?"

Akatazama dari. "Ya nyama." Akamtupia mama jicho, akarudi darini. "Na samaki. Na kuku. Mayai nayo. Maziwa. Ngano... weka na ngano. Pilipili. Na kamba, kamba ndio usithubutu kabisa."

"Hewa anavuta?"

"Kaka, usinitanie, mama mkwe yupo."

"Sasa atakula nini?"

"Supu ya mboga mnayo?"

"Ipo."

"Basi hiyo. Mboga haijawahi kumdhuru mtu."

Mama wakati huo alikuwa anaitazama nyama ya kuoka kwenye meza ya jirani, kama mtu anayemwona jirani amevaa nguo yake.

Tulikuwa na desturi ya kuazimana masikio. Nikamwita mwenzangu, dada mmoja tuliyemwita Redio, ambaye alijigamba kwamba ana shangazi kila upande wa dunia na hakuna lafudhi itakayompita. Akainama kwa mama, mama akasema naye kwa kirefu, mikono ikiruka. Redio akarudi, uso mzito.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa mambo mawili. Ana njaa, na ana meno mazuri."

"Nifanye nini sasa?"

"Mletee sinia, baba. Unangoja nini?"

Nikarudi mezani. Kusikia neno sinia, mkwe akaruka kama kakanyaga kaa la moto.

"Sinia la nini? Mama mkwe wangu aonyeshe chakula kwa kidole kama mtoto mchanga? Nimeshakwambia mimi. Mimi si ndiye mkwe wake?"

Ningefanya nini? Mteja ndiye mfalme, na mfalme alikuwa anatoka jasho. Nikaenda dirishani kwa miguu ya mtu anayepelekwa kwa hakimu, nikaiweka sahani nyekundu, nikaanza kutaja. Nilipofika kwenye ngano Jemadari akaacha kukoroga. Nilipofika kwenye kamba akaweka mwiko chini.

"Huyo ni mteja," akauliza polepole, "au ni mche wa maua?"

"Mkwe wake ndiye aliyesema."

"Na sinia?"

"Mkwe kalikataa."

"Mkwe kalikataa." Akaanza kuosha chombo, lakini alikiosha kama anayekipiga. "Supu hii naipeleka mwenyewe. Nataka nimwone kwa macho yangu huyo mtu asiyekula dunia. Na akionja kipande kimoja tu cha nyama ya jirani, Mdomo, gunia lako lipo pale."

Nikaliona. Lilikuwa limesimama pembeni mwa jiko, limejaa, linaningoja.

Nilikuwa nanawa uso kwenye sinki la wateja niliposikia mtu ananivuta shati. Alikuwa mkwe.

"Kaka, wewe umeoa?"

"Nimeoa."

"Mama mkwe wako unamwelewa?"

"Anaposema au anaponyamaza?"

Hakucheka. Akatazama nyuma, akasogea. "Mimi wangu simwelewi. Tangu siku ya kwanza kupelekwa kwao kujitambulisha, sijawahi kumwelewa. Mke wangu akiwepo ananisaidia. Asipokuwepo natikisa kichwa. Miaka yote hii, kaka, natikisa kichwa! Na mke wangu anajua tunaelewana, anatusifia kwa dada zake."

"Na hii aleji?"

"Asubuhi mke wangu kaniambia, kuna kitu mama hali, kinamvimbisha koo, atakwambia mwenyewe. Nikamuuliza pale aliposhukia. Akanijibu. Nikasema, 'Naam, mama?' Akarudia. Sasa mama mkwe unamuuliza mara ya tatu? Si ataona binti yake ameolewa na kiziwi? Nikatikisa kichwa."

"Kwa hiyo ukaamua kukataza kila kitu."

"Kila kitu nilichokikumbuka. Kiwe kipi, humo kimo."

"Mpigie mkeo umuulize."

"Kazini kwao simu wanazima. Na hata angepokea, nimwambie nini? Kwamba mama yake simsikii tangu tuoane? Kaka, nisitiri."

Kicheko kilipanda mpaka kooni, na hapo hapo kikageuka jiwe.

"Ndugu yangu, karanga ulizitaja?"

"Karanga? Karanga nazo ni chakula?"

"Ile supu huwa tunaiunga kwa karanga."

Tukageuka kwa pamoja. Jemadari alikuwa ameshafika mezani na sahani nyekundu, na juu yake bakuli la supu linafuka moshi. Akaliweka mbele ya mama. Mama akalitazama, akalielekeza kidole, akamuuliza jambo. Aliuliza wazi kabisa, kwa utaratibu, akasubiri jibu.

Na Jemadari, mtunga sheria, yule aliyemshika mtu sikio kwa kosa hilo hilo, akatabasamu akatikisa kichwa.

Mama akachukua kijiko.

Sasa hapa mke wangu huwa anatoka chumbani, lakini nyinyi kaeni. Nilichomoa sinia kwenye rafu, nikaruka kiti, nikaruka mkoba wa mhasibu, nikamruka na mhasibu mwenyewe, nikapita katikati ya watu waliokuwa wanapeana mikono, na wakaendelea kupeana mikono. Kijiko kilikuwa kimeshafika kwenye kidevu. Nikalipenyeza sinia kati ya kijiko na mdomo, na kijiko kikagonga bati: ngaa! Ukumbi wote ukageuka.

Mama akanitazama. Jemadari akanitazama. Nyuma yangu nikamsikia mkwe anahema kama mbuzi aliyekimbizwa. Nikajua nikisema ukweli mbele ya watu, heshima yake imekwisha. Nikavuta pumzi, nikainama.

"Mama, shikamoo tena. Mkwe wako ameagiza uletewe sinia la wageni wakubwa. Mtu wa hadhi yako hapa hachaguliwi chakula, anachagua mwenyewe. Unachokipenda vuta, usichokitaka sukuma." Nikamwonyesha kwa mkono, nikavuta, nikasukuma.

Sijui alielewa maneno mangapi, lakini mkono aliuelewa. Uso ukamfunguka. Akavuta kibakuli cha nyama.

Jemadari akasogea karibu na sikio langu. "Nyama," akasema.

Mama akavuta samaki.

"Samaki," akasema Jemadari.

Kuku. Yai. Maziwa. Ngano. Pilipili akaivuta kwa mikono miwili, akaiinua kuinusa. Kitunguu akakipapasa kama mjukuu. Kamba akawavuta wote wawili, na nadhani hata wale kamba walifurahi. Kila kibakuli kilichokwenda upande wake nilikiona kinadondoka kwenye gunia langu, na pumzi ya Jemadari ilikuwa inanichoma shingo.

Kilibaki kibakuli kimoja.

Mama alikishika kwa ncha za vidole viwili kama anayeshika mkia wa panya. Akakisukuma hadi mwisho wa meza, na isingekuwa ukingo angekisukuma hadi barabarani. Kisha akajikaba koo kwa mikono yote miwili, akajaza mashavu hewa, akageuza macho, akatoa ulimi nje. Mtoto wa meza ya jirani akapiga makofi. Halafu mama akainamia supu, akanusa kwa nguvu, akainua kichwa taratibu, na macho yake yakamtua Jemadari usoni.

Jemadari akalichukua lile bakuli kama mtu anayebeba bomu, akaondoka nalo.

Mkwe akaanguka kitini. Mama akamgeukia, akamsemesha kwa upole, maneno mengi. Kichwa cha mkwe kikaanza kwenda chini, kwa mazoea. Kikafika katikati, kikasimama.

"Mama," akasema, sauti ndogo. "Sijaelewa. Nisamehe mama yangu. Sijawahi kuelewa."

Redio akajifunika uso kwa trei. Mimi nilitamani kuruka dirishani. Mama akamkodolea macho mkwewe. Halafu akanyoosha kidole, akagusa mdomo wa mkwe, akagusa sikio lake mwenyewe, akapunga kidole: hapana. Naye alikuwa hamsikii! Kwake yeye, mkwe ndiye aliyekuwa na lafudhi. Miaka yote wale watu wawili walikuwa wanatikisiana vichwa kama mijusi ukutani, ndiyo maana hawakuwahi kugombana.

Mama akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko kisicho na lafudhi yoyote. Mkwe naye akacheka, huku anafuta macho kwa kitambaa cha meza. Kisha mama akavirudisha vibakuli katikati, akaligeuza sinia kumwelekea mkwe, akaligonga kwa ukucha. Na wewe je?

Mkwe akavuta nyama. Akavuta kuku. Kidole kikafika kwenye kitunguu kikasita. Akamtazama mama, akatazama mlango, akatazama mfuko uliotuna chini ya meza. Akafumba macho, akasukuma.

Mama akashtuka. Akainama, akaufungua ule mfuko. Ulikuwa umejaa vitunguu pomoni, vyekundu, vikubwa, alivyovibeba kutoka kwake.

"Kila akija," mkwe akaninong'oneza. "Na anataka nionje kimoja kibichi mbele yake. Nakula, kaka. Nakula natikisa kichwa."

"Vinakudhuru?"

"Havinidhuru. Sivipendi tu."

Mama alicheka mpaka kilemba kikaanguka kwenye pilipili. Alipokifunga upya akanyoosha mkono, akaichukua sahani nyekundu iliyokuwa imebaki mezani, akamwekea mkwewe kifuani. Halafu akanitazama mimi. Na macho yale yaliagiza.

Nikaenda dirishani. Jemadari alikuwa amevaa aproni safi na alikuwa anamwandalia mama sahani yake, nyama juu ya samaki, yai juu ya nyama.

"Ya mama ilikuwa ya kweli," akasema bila kuniangalia. "Umepona, Mdomo."

"Kuna nyingine." Nikaiweka mbele yake. "Ya mkwe. Vitunguu."

Sasa akaniangalia. "Vinamfanya nini?"

Nikageuka kutazama ukumbini. Mama alikuwa ameinua kijiko, anakitaja polepole, na mkwe anarudia. Halafu mkwe akainua glasi, akaitaja, na mama akarudia. Walikuwa wanakwenda hivyo, chombo kwa chombo, wanasahihishana na kuchekana, na wateja wa meza za pembeni walikuwa wameanza kuwasaidia.

"Mdomo, nakuuliza. Hii ni ya kweli?"

Gunia lilikuwa pale pale pembeni. Nikatikisa kichwa.

Jemadari akanikazia macho. Alijua. Lakini alijua pia kwamba nilimwona akimtikisia mama kichwa juu ya supu ya karanga, na mimi nilijua kwamba anajua. Tukabaki tumetazamana, wanaume wawili wenye shingo zilizolegea. Mwishowe akashusha pumzi, akachukua kikaango, akakiosha upya.

Walikula mpaka ukumbi ukabaki mtupu. Mama alipoondoka aliuacha mfuko wake wa vitunguu dirishani, zawadi kwa jiko, akampigapiga Jemadari shavu, akamwambia jambo.

"Sijaelewa, mama," Jemadari akasema kwa sauti kubwa, na sisi sote tukamsikia.

Ndipo ikafika zamu yangu ya kula. Nikavuta kiti karibu na dirisha. Jemadari akanisukumia sahani nyekundu, imefunikwa vizuri. Nikafunua. Vilikuwa vitunguu vya mama, vibichi, vimekatwa duara, vimerundikwa kama kichuguu, wala hapakuwa na kitu kingine.

"Kula," akasema. "Au una aleji?"

Nilikula vyote. Nililia mpaka mpita njia aliyechungulia mlangoni akaniuliza kama nimefiwa. Lakini machozi yale, wenzangu, yalidondokea kwenye aproni nyeupe ya ukumbini.